Hela ya kwenda kijijini ipo, ya kurudi haipo

Kuna aina ya ufadhili ambayo kila mtu chuoni anaipenda, na labda ndiyo maana hakuna anayeikosoa. Kila mfadhili ana jina lake, ila kazi ni ileile: mhadhiri mwenye kozi ambayo tayari inafundishwa anapewa ruzuku ndogo ili aiongezee ushirikishwaji wa jamii. Hatungi kozi mpya. Kemia inabaki kemia, takwimu inabaki takwimu, ila sasa wanafunzi wanatoka nje ya geti na kufanya sehemu ya kozi pamoja na watu wa kijiji, mtaa, shule au zahanati fulani.

Kwa nini inapendwa? Kozi mpya lazima ipite idarani, kitivoni, seneti, mpaka Tume ya Vyuo Vikuu, na kwa mwendo ule unaweza kumaliza shahada ya uzamili kabla haijaanza kufundishwa. Hii ya kuongezea haina safari ndefu hivyo. Mfadhili anapata picha, chuo kinapata aya ya kuweka kwenye ripoti ya mwaka, mhadhiri anapata hela ya vitendanishi, wanafunzi wanapata kutoka kidogo. Wote wamefurahi, si ndiyo?

Kasoro mmoja tu, yule anayeitwa "jamii" kwenye andiko.

Niseme mapema ili tusigombane: wazo lenyewe nalikubali, na wala halijaletwa na wafadhili. Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ilishasema kwamba msomi ana deni kwa waliomsomesha, na Azimio la Musoma la 1974 likataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Ninachokosoa ni namna hela hizi zinavyopangwa. Zinalipia kwenda. Hazilipii kurudi. Na kwa kozi za sayansi hasa, kurudi ndiko kunakoamua kama mwenyeji amepata kitu au ametumiwa tu kama maabara ya bure.

Tuchukue mfano wa maji

Chukua kozi ya kemia ya uchambuzi, mwaka wa pili, kwenye chuo chochote cha kanda ya kaskazini mwa Tanzania. Kozi yenyewe naitunga hapa kwa ajili ya mjadala, lakini kemia yake ni ya kweli. Miaka yote wanafunzi wamekuwa wakipima myeyusho uliotengenezwa asubuhi na fundi wa maabara. Jibu analo mfukoni. Mhadhiri anaandika andiko, anapata ruzuku, na sasa wanafunzi watapima maji halisi ya visima na chemchemi za vijiji vilivyo pembezoni mwa Mlima Meru. Watapima floraidi.

Kama hujawahi kuishi kule, kwa ufupi ni hivi. Miamba ya volkano ina madini yenye floraidi, na maji ya ardhini yakikaa muda mrefu kwenye miamba hiyo yanaiyeyusha. Kwa kawaida kalsiamu iliyomo kwenye maji ingeshikana na floraidi na kutuama chini. Lakini maji mengi ya maeneo hayo yana sodiamu nyingi, ni maji ya kimagadimagadi, na kalsiamu yake ni kidogo. Kwa hiyo floraidi inabaki humohumo. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, mtoto anayekunywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi anatoka na meno yenye madoa ya kahawia, yale ambayo watu wa Arusha wanataniwa nayo kila waendako. Kiwango kikiwa juu zaidi na miaka ikipita, mifupa nayo inaathirika na viungo vinakakamaa.

Kama zoezi la darasa, hili ni zuri kweli. Kipimo ni elektrodi yenye fuwele ya lanthanamu floraidi kwenye ncha. Floraidi ikiongezeka kwenye maji, volti inabadilika, na kutoka kwenye volti unasoma kiwango. Mwanafunzi anajifunza pia kwa nini ni lazima aongeze bafa kwanza: aluminiamu na chuma vilivyomo kwenye maji vinaishikilia floraidi, elektrodi haiioni, na wewe unaandika namba ndogo kuliko ukweli. Kwenye myeyusho wa maabara shida hiyo haimpati, kwa hiyo alikuwa anaongeza bafa kwa sababu mwongozo umesema aongeze. Akija na maji ya kisima, ndo anaelewa. Hapo ruzuku imefanya kazi yake ya kielimu na sina ugomvi nayo.

Sasa tuje kwenye siku ya pili.

Tuseme kisima kimoja kimetoa 6. Mwanafunzi anaiandika kwenye ripoti, anapata alama zake, semista inaisha. Mama anayechota pale kila asubuhi ameambiwa? Kama hajaambiwa, basi kuna watu wana taarifa kuhusu mwili wa mwanawe ambayo yeye hana. Kama ameambiwa, atauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: "Kwa hiyo nichemshe?"

Hapana, mama. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo kiwango kinapanda kidogo. Dawa ya klorini haisaidii, kuchuja kwa kitambaa hakusaidii. Mkaa wa mifupa unasaidia, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka mingi. Lakini mkaa ule hufika mahali ukajaa. Ukishajaa, floraidi inapita kama kawaida, na maji hayabadiliki rangi wala ladha, hivyo mtumiaji hawezi kujua mpaka mtu arudi na kipimo. Na hata akipata maji mazuri, bado kuna magadi anayotia kwenye maharage na makande ili yaive haraka, ambayo nayo yanaweza kuwa na floraidi nyingi.

Ona basi: kila jibu la kweli kwa swali la mama linahitaji mtu arudi. Arudi kupima tena, maana kipimo cha siku moja hakitoshi kukihukumu kisima. Arudi kupima magadi. Arudi kukaa na chombo cha watumia maji cha kijiji na kuwaeleza, kisha apeleke namba zile kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi 2019, mahali ambapo mtu anaweza kuamua kisima kipi kiwe cha kunywa na kipi kiwe cha kufulia. Hiyo ndiyo sehemu ya ushirikishwaji ambayo mwanakijiji angeiona kwa macho. Na ndiyo sehemu ambayo haina fungu.

Bajeti inasema ukweli

Ukitaka kujua mradi unathamini nini, usisome utangulizi wake. Soma bajeti. Maandiko ya aina hii niliyowahi kuyasaidia kuyaandaa, kama mwanafunzi wa uzamili anayetumwa "kaangalie hesabu zikae sawa", yanafanana sana: mafuta ya gari, posho ya dereva, posho ya mhadhiri, vitendanishi, chakula cha wanafunzi, fulana, bango, na warsha ya kufungia mradi, mara nyingi kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Nimeona fulana zina mstari wake kwenye bajeti. Sijaona mstari wa kurudisha majibu.

Yanayokosekana ni matatu.

La kwanza ni muda wa wenyeji. Mwenyekiti wa kijiji anaacha shamba siku nzima kuzungusha wanafunzi thelathini. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anatafsiri maswali ya dodoso kwenda Kimeru au Kimaasai. Kwenye andiko hawa wanaitwa wabia. Dereva analipwa posho, mbia analipwa soda. Na ukijaribu kumlipa, unakutana na mhasibu anayetaka risiti ya EFD. Mama lishe wa kijijini hana mashine ya EFD, ila hoteli ya mjini inayo. Kwa hiyo hela iliyotolewa kwa jina la kijiji inatumika mjini, na kwenye vitabu kila kitu kiko sawasawa.

La pili ni hiyo safari ya kurudi. Masurufu lazima yarejeshwe ndani ya muda, mwaka wa fedha ukifungwa hela ambayo haijatumika ni kesi, na semista ni wiki kumi na tano tu. Ukihesabu maandalizi, fildi na mitihani, hakuna wiki iliyobaki ya kurudi. Majibu ya maabara yanatoka wakati wanafunzi wako kwenye mitihani. Yanakaa kwenye faili la mhadhiri.

La tatu ni mtu wa kushika uhusiano. Nani anapokea simu ya mwenyekiti mwezi wa nane, chuo kimefungwa, akiuliza "yale majibu vipi, bwana mkubwa?" Kiukweli ni mhadhiri msaidizi au mwanafunzi wa uzamili, kwa vocha yake mwenyewe, na kazi hiyo haimo kwenye mkataba wake wala haitamsaidia kupanda cheo. Akihitimu, anaondoka na namba za simu. Mwaka unaofuata darasa jipya linaanza upya, na mara nyingi linaingia kwenye kijiji kilekile, kwa sababu ndicho kijiji ambacho gari la chuo linafika bila kukwama.

Limeshajaribiwa kwingine

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo yetu ya uhasibu tu. Tuangalie waliotutangulia.

Marekani walikuwa na mpango wa serikali kuu ulioitwa Learn and Serve America, uliotokana na sheria ya 1993. Uligawa hela kwa shule na vyuo ili masomo yaunganishwe na kazi za jamii. Mwaka 2011 Bunge lao lilikata fedha zake na mpango ukafa. Kilichouweka hai kilikuwa mstari mmoja wa bajeti ya mtu mwingine. Mwaka 2009, kabla hata haujafa, Randy Stoecker na Elizabeth Tryon walihariri kitabu, The Unheard Voices, kilichofanya jambo la nadra: kiliwauliza wenyeji. Mashirika ya kijamii ya eneo la Madison, Wisconsin, yalieleza jinsi wanafunzi wa muda mfupi wanavyowala muda wa kuwafundisha kisha wanaondoka, jinsi kalenda ya chuo isivyoendana na kalenda ya maisha ya watu, na jinsi ilivyo vigumu kumpata mhadhiri mwenyewe. Hayo ni mashirika yenye ofisi, barua pepe na waajiriwa. Sasa mfikirie mwenyekiti wa kijiji.

Afrika Kusini ni mfano unaouma zaidi, kwa sababu wao walipanga vizuri kuliko wengi. Waraka wa serikali wa 1997 kuhusu mageuzi ya elimu ya juu uliwataka wasomi waelekeze utaalamu wao kwenye jamii. Mwaka 1999 shirika la JET likaanzisha mpango wa CHESP, kwa msaada wa Ford Foundation, uliosaidia vyuo kuingiza kazi za jamii ndani ya kozi zenye alama kamili. Mwaka 2004 chombo chao cha ubora wa elimu ya juu kikaliweka jambo hili kwenye vigezo vya ukaguzi wa vyuo. Mpaka hapo safi kabisa. Lakini kanuni ya kugawa ruzuku ya serikali iliyotangazwa mwishoni mwa 2003 iliangalia ufundishaji, wahitimu na machapisho ya utafiti. Kazi za jamii hazikuwa na fungu lake. Yaani mkaguzi anakuuliza kitu ambacho hazina haikulipii. Hela ya mfadhili wa nje ilipoisha, waliobaki ni wahadhiri wenye moyo, na moyo haujazi mafuta kwenye gari.

Huku kwetu tulikuwa na MEPI, ufadhili wa serikali ya Marekani ulioanza 2010 kwa ajili ya elimu ya udaktari Afrika, kama dola milioni 130 kwa miaka mitano. Makerere na wenzake Uganda, KCMC Moshi na Chuo Kikuu cha Nairobi walikuwemo, na elimu inayofanyikia kwenye jamii ilikuwa sehemu ya kazi hiyo. Ilileta mengi mazuri. Lakini miaka mitano ni miaka mitano.

Haki yao

Nisipowapa haki yao nitakuwa naonea. Kuna ushahidi wa karibu kabisa kwamba jambo hili linaweza kudumu. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka 1990, na mafunzo ndani ya jamii, wanayoyaita COBES, yamekuwa sehemu ya mtaala tangu mwanzo. Mbarara, kilichoanzishwa 1989, nacho kilizaliwa na mwelekeo huohuo. Makerere waliingiza COBES yao mwaka 2003, walipobadilisha namna nzima ya kufundisha udaktari. Tofauti ni hii: kwa hao, kwenda kwa jamii si kiraka kilichoshonwa juu ya kozi. Ni sehemu ya ratiba, wanafunzi wanarudi nje katika miaka tofauti ya masomo, na ufadhili ulipokuja ulikuta nyumba imeshasimama.

Pia kuna anayesema, na ana hoja, kwamba kuanza kidogo ni bora kuliko kutoanza. Mhadhiri mmoja mwenye ruzuku ndogo anaweza kuonyesha njia, wengine wakafuata. Nakubali. Ila kuanza kidogo maana yake iwe kijiji kimoja, kisima kimoja, miaka mitatu. Tunachofanya sasa ni vijiji sita, wiki moja, kisha bango linarudi stoo.

Na kuna wanaosema mzigo huu si wa wafadhili wadogo, mageuzi makubwa yanakuja. Mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, unagusa mitaala ya vyuo vya umma Tanzania na unavisukuma vyuo kukaa meza moja na waajiri. Ni jambo jema. Lakini kiwanda kikipata kiti kwenye kamati ya kushauri mtaala, kwa nini chombo cha maji cha kijiji kisipate? Mkopo ule utalipwa na walipakodi, na yule mama wa kisimani ni mmoja wao.

Ningebadilisha nini

Kama ningekuwa ndiye ninayesoma maandiko haya, ningeuliza maswali manne kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, fungu la kurudi liko wapi? Sehemu ya mwisho ya ruzuku isitolewe mpaka majibu yafike kijijini kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwenye mkutano wa kijiji, na muhtasari wa mkutano ule uambatanishwe. Wahasibu wanapenda viambatisho, tuwape kiambatisho chenye maana.

Pili, mwenyeji analipwaje? Kuwe na fomu ya malipo yenye jina, sahihi na namba ya simu, malipo yapite kwenye simu, na chuo kikubaliane na mhasibu wake kabla ya safari. Hili halihitaji mageuzi ya nchi. Linahitaji kikao kimoja cha asubuhi.

Tatu, alama za mwanafunzi zinategemea nini? Kwa sasa zinategemea ripoti anayoisoma mhadhiri peke yake. Weka sehemu ya alama kwenye maelezo ya ukurasa mmoja kwa wenyeji, na usahihishaji wake uwe mgumu kama wa jedwali la takwimu. Kumweleza mtu kwa nini kuchemsha hakumsaidii, bila kumtisha na bila kumdanganya, ni kazi ya kisayansi. Sisi tunaoandika hapa tunajua jinsi ilivyo ngumu.

Nne, mwaka ujao nani anaendelea? Kama jibu ni "itategemea ufadhili", basi kijiji kiambiwe hivyo siku ya kwanza, mbele ya mkutano, ili kiamue chenyewe kama kinataka kuanza. Labda watakataa. Wana haki hiyo, na ingekuwa vizuri chuo kikazoea kukataliwa mara mojamoja.

Haya yote yatapunguza idadi ya kozi zinazofadhiliwa. Kwa hela ileile utapata kozi tatu badala ya kumi, na jedwali la mfadhili litaonekana jembamba. Sioni ubaya. Kozi kumi zilizokwenda mara moja zinaacha kijijini namba zisizo na mwenyewe. Kozi tatu zinazorudi zinaweza kuacha kisima kilichoandikwa mlangoni kwamba maji haya ni ya kufulia, na mtu wa kijijini anayejua kwa nini.